Chetezo cha Bong-chi

Mjukuu wangu Pei-shan alinipeleka sinema Chiayi Jumanne moja saa nne asubuhi, saa ambayo ukumbi mzima una wazee watano na kiyoyozi. Alininunulia bisi. Niliishika mapajani mpaka mwisho bila kula hata punje, maana meno yangu ya bandia hayapatani nayo.

Filamu ilikuwa ya wanawake wawili waliopendana ujanani. Mmoja aliolewa akaenda ng'ambo, mwingine akabaki na kibanda chake cha kunyoa nywele. Miaka thelathini ikapita. Yule wa ng'ambo akarudi kumzika mama yake, na siku ya mazishi, mbele ya ukoo mzima uliovaa magunia ya msiba, akasimama akasema: huyu hapa ndiye niliyempenda, na mimi ndiye niliyemkana. Watu wakanyamaza. Muziki ukapigwa. Wakatazamana, mvua ikaanza, na ilikuwa ile mvua ya sinema, yenye matone makubwa yasiyochafua viatu.

Nililia. Nilidhani nalia kimya, lakini mzee aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega akanipa karatasi ya kufutia pua.

"Bibi, unalia nini?" Pei-shan akaniuliza.

"Kiyoyozi. Kinanichoma macho."

Akaniacha mpaka tukafika kituoni. Pale, huku anamenya chungwa, akasema, "Siku hizi wanaoana, bibi. Serikali imeruhusu. Rafiki zangu wawili, wasichana wote, wameandikishwa. Kila mmoja kitambulisho chake kina jina la mwenzake nyuma."

"Nimesikia," nikamwambia.

Serikali imeruhusu, ndiyo. Lakini meza ya mababu iliyoko sebuleni kwetu haijasikia, na siku hiyo Bong-chi alikuwa ametimiza siku sabini na saba tangu afe.

Bong-chi alikuwa wa ukoo wa Chua, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jina lake maana yake ni "mlishe tu." Baba yake alikuwa na mabinti watatu tayari, na wa nne alipozaliwa akasema, haya, mlisheni tu, basi karani akaandika hivyo hivyo. Kwa kazi alikuwa mfungua chaza kama mimi, kama wanawake wote wa kijiji chetu. Chaza zinaletwa alfajiri na mashua za mabomba ya plastiki, zinamwagwa bandani chungu nzima, na sisi tunakaa kwenye vigoda, glavu mkononi, kisu kifupi, unachoma kwenye bawaba, unazungusha, unakata mshipa, nyama beseni, ganda nyuma yako. Kigoda changu kilitazamana na chake. Tulitazamana hivyo miaka arobaini na tisa.

Hakuolewa. Na mwanamke asiyeolewa kwetu, akifa, hana mahali. Msemo wenyewe unasema: juu ya meza ya mababu hakai shangazi. Mke huwekwa kwa ukoo wa mumewe. Binti aliyebaki nyumbani hawekwi kokote. Wanaume wa ukoo wakimweka, husema atawaharibia bahati. Kwa hiyo chetezo cha Bong-chi, kile cha bati chenye majivu ya udi aliochomewa tangu siku ya kwanza, mpwa wake Bun-chong alikiweka uani, juu ya mashine ya kufulia, chini ya kamba ya nguo. Ungekuta soksi zinamdondokea maji.

Siku ya mia ndipo mambo hukatwa. Siku hiyo, maiti mwenye mahali huchotewa majivu kidogo kutoka chetezo chake, majivu hayo yakatiwa kwenye chetezo kikubwa cha ukoo, akawa mmoja wa mababu, akala nao sikukuu zote. Asiye na mahali hupelekwa nyuma ya mabwawa ya samaki, kwenye hekalu la mabinti. Ni chumba kimoja cha saruji chenye mlango mwekundu. Ndani kuna rafu, na watu hupeleka huko kitana, kioo na poda, kwa sababu wanafikiri hao ni wasichana waliokufa wanangoja bwana harusi.

Bong-chi na poda. Mtu aliyekata nywele zake mwenyewe kwa mkasi wa kukatia kamba, aliyevaa suruali ya kaka yake mpaka ikatoboka, akavuta sigara huku anafungua chaza bila majivu kuanguka kwenye beseni. Nilikuwa nikimfikiria kwenye ile rafu, amewekewa kopo la poda ya waridi, na usingizi haukuja.

Niliporudi kutoka sinema nilivua viatu vizuri, nikavibadilisha kwa ndala, nikaenda moja kwa moja kwa Bun-chong.

Alikuwa anatafuna tambuu, mdomo mwekundu. "Shangazi Siok-lan, karibu. Umenenepa."

"Wewe je, umekuwa mrefu? Nataka chetezo cha shangazi yako."

Akatema kwenye kikombe cha karatasi. "Msemo unaujua."

"Naujua. Ndiyo maana sikuombi meza yako. Nataka kumweka kwetu."

"Kwa Lim? Yeye Chua, nyinyi Lim, atakaa kama nani? Jirani?" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Nimeshaongea na mtunza hekalu, shangazi. Wamempa rafu ya juu, hata mchwa hawafiki. Lakini Kok-hui akikubali, na mwenyewe akikubali, mimi nani nikatae? Hata mke wangu atashukuru. Anaogopa kufua."

Kok-hui ni mwanangu wa kiume wa pekee, mfuga samaki, miaka hamsini na miwili. Meza ya mababu ni yake tangu baba yake afe. Nilingoja amalize kula. Siku zote jambo zito nalisema akishakula, maana njaa humfanya aseme hapana kwa kila kitu.

"Kwa nini, mama?" akaniuliza.

"Tuliapa udada. Mbele ya Mama wa Bahari hekaluni, kwa vijiti vitatu vya udi, nilipokuwa na miaka kumi na tisa."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Hukuwahi kuuliza."

"Na baba? Atakaa na mtu wa Chua kwenye chetezo kimoja?"

"Baba yako alikuwa hasikii hata alipokuwa hai. Hatajua."

Hapo akacheka kidogo, akajikuna shingo. Mwanangu ana moyo mwepesi akishiba. "Haya. Dada wa kiapo ni kama dada. Lakini lazima aulizwe. Akisema ndiyo, mimi sina neno."

Nilipaswa kufurahi. Niliingia jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia.

Hekalu letu huonyesha filamu uwanjani mtu akijibiwa ombi lake. Filamu ni ya miungu. Viti vya mbele huachwa wazi kwa ajili yao, wazee nyuma yao, na wasichana waliotoka bandani wananuka chaza hawakupata pa kukaa. Kwa hiyo mimi na Bong-chi tulikaa nyuma ya shuka iliyotundikwa kuonyeshea picha. Picha inapita shuka, unaiona kinyume. Upande ule, kila mtu kwenye filamu alikuwa wa mkono wa kushoto: walikula kwa kushoto, walipigana kwa kushoto, waliandika barua za mapenzi kwa kushoto. Bong-chi alikuwa na tabia ya kuwasemea maneno yake mwenyewe. Bwana anamwambia bibi nakupenda, yeye ananinong'oneza, "Umepika nini leo?" Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitambaa cha kazi. Huko nyuma ya shuka ndiko alikonishika mkono mara ya kwanza, na mimi sikuutoa.

Baadaye ilikuwa chumba cha nyavu cha kaka yake. Nilikuwa nakwenda huko mchana wa jua kali watu wakilala, viatu nimevishika mkononi visisikike. Majira mawili ya chaza, kisha kaka yake akaja kutafuta boya la nyavu, akatukuta.

Jioni hiyo hiyo wazazi wa pande zote walikutana hekaluni. Mama yangu alinishika kiwiko, kucha zikaingia. Mzee wa hekalu akauliza, ni nani aliyeanza? Nilikuwa tayari nimeshaposwa na Lim, mchumba mwenyewe nimemwona mara mbili. Bong-chi alinitazama. Alingoja tu, kama anavyongoja mtu anayejua jibu ni zuri.

Nikasema, "Ni yeye. Alinilazimisha."

Kaka yake alichukua mzegazega wa kubebea chaza akampiga palepale uani. Bong-chi alikinga kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilivunjika, cha kati na cha pembeni yake, havikunyooka tena. Sikupiga kelele. Nilitazama taa ya udi.

Wakampeleka Kaohsiung kwenye kiwanda cha maua ya plastiki. Mimi nikaolewa mwezi wa kumi na mbili. Alikaa huko miaka tisa, akarudi mama yake alipopooza, na asubuhi ya kwanza akaingia bandani na kisu chake. Kigoda cha mbele yangu kilikuwa wazi.

"Kina mtu?" akauliza.

"Hakina," nikasema.

Akakaa. Akashika kisu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukufunga. Kama watu wa nyuma ya shuka. Katika miaka arobaini na tisa tuliongea bei ya chaza, tufani, meno, watoto wangu, maradhi ya mama yake. Ndani ya ganda moja moja huwa mna kaa mdogo mwekundu, hazidi hata ukucha. Ujanani nilipenda kuwakaanga. Bong-chi akimpata humweka kwenye ukingo wa beseni langu, bila kunitazama. Lile neno nililolisema hekaluni hatukuligusa. Kila asubuhi nilikuwa nasema, kesho. Akalazwa kwa mapafu mwezi wa pili, na siku niliyokwenda kumwona alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni. Kesho zilikuwa zimekwisha.

Siku ya mia iliangukia Alhamisi, baada ya sikukuu ya mashua, joto la kunata. Tulikusanyika uani kwa Bun-chong: mimi, Kok-hui, Pei-shan aliyeomba ruhusa kazini, Bun-chong mwenyewe, na Kiau wa bandani, ambaye hajaalikwa lakini hakuna shughuli anayoikosa. Nilikuwa nimepika uji wa wali na viazi vitamu, chaza za kukaanga na yai, figili ya chumvi. Tukapanga kwenye meza ya kukunja mbele ya mashine ya kufulia. Bun-chong alikuwa ameanua soksi, kwa heshima.

Kuuliza maiti kwetu si kazi ngumu. Una vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi nusu, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Unataja jina, unauliza, unaviachia sakafuni. Kimoja chali kimoja kifudifudi, amekubali. Vyote chali, anacheka, hujauliza vizuri. Vyote kifudifudi, hataki. Jambo kubwa kama hili linataka ndiyo tatu mfululizo.

Nilipiga magoti kwenye kipande cha boksi. "Bong-chi," nikasema, "ni mimi Siok-lan, dada yako wa kiapo. Njoo ukae kwetu kwa Lim. Kok-hui amekubali. Utakula na sisi sikukuu zote."

Vipande vikaanguka. Kifudifudi vyote viwili.

"Amelala," Kiau akasema. "Jaribu tena."

Kifudifudi.

"Labda anataka nyumba kubwa ya karatasi ya kukaa huko aliko," Bun-chong akasema. "Tulimchomea ndogo."

Nikauliza nyumba. Kifudifudi. Kok-hui akauliza kama ni kwa ajili ya baba yake. Kifudifudi.

"Nyie hamumjui," Kiau akasema. "Mmempa uji na figili, sigara iko wapi? Miaka yote hii nimepumua moshi wake, leo mnamnyima?" Akachukua ya Bun-chong, akaiwasha, akavuta mara moja kuikoleza, akaichomeka kwenye majivu kati ya udi. "Haya Bong-chi, kohoa useme."

Nikaachia. Vyote chali.

"Umeona? Anacheka huyo," Kiau akasema, na sote tukacheka, hata mimi. Moshi wa sigara ukapanda karibu na wa udi, harufu ile ile ya bandani.

Lakini nilipouliza tena, kifudifudi. Na tena. Magoti yangu yalianza kufa ganzi. Pei-shan akanishika kwapa ili ninyanyuke, nikamwambia niache. Nilijua tatizo si nyumba ya karatasi wala sigara. Nilikuwa nimemwita kwa jina ambalo si lake. Nimemwita dada, mbele ya watu, ili mwanangu akubali. Mara ya pili sasa namkana, na safari hii amekufa, hawezi hata kunitazama.

Nikavifuta vipande kwa upindo wa shati.

"Bong-chi," nikasema. "Si dada. Nilidanganya. Nilikupenda kama wanavyopendana wanaooana. Hukunilazimisha. Nilikuja chumba cha nyavu kwa miguu yangu, viatu mkononi. Walipouliza hekaluni, nilisema ni wewe, kwa sababu niliogopa mama yangu na niliogopa kukosa mume. Vidole vyako nimevivunja mimi. Nimevitazama kila siku na sikusema. Nakuomba radhi."

Kiau, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kifuani. Pei-shan analia. Bun-chong ametoa tambuu mdomoni, ameishika tu mkononi inamchafua, maana aliyepiga kwa ule mzegazega alikuwa baba yake. Kok-hui sikumtazama. Niliona ndala zake tu, na vidole vya miguu vimejikunja.

Kwenye ile filamu, hapa ndipo muziki unapopigwa. Hata kwetu ulipigwa: gari la taka lilipita barabarani na wimbo wake wa kuwaita watu watoe taka, na Bun-chong, kwa mazoea, akageuza kichwa kutazama mfuko wa taka uliokuwa mlangoni. Hakuna aliyeutoa. Gari likapita.

Nikaachia vipande.

Kifudifudi vyote viwili.

Sijui ninyi mnaosoma mngefanya nini. Mimi nilikaa juu ya visigino vyangu na nikaona kwamba sina tena kitu cha kutoa. Nilikuwa nimelisema, na bado hataki. Nilidhani ukweli ni kama kisu cha chaza: ukikiingiza mahali pake, ganda litafunguka lenyewe. Huyu hakufunguka. Ana haki.

Sigara ilikuwa imeungua mpaka nusu. Nikayatazama majivu yake, marefu, hayajaanguka. Na hapo nikajiona nilivyo. Tangu asubuhi namwambia njoo. Njoo kwa Lim, njoo kwa mume wangu, njoo ukae kwenye nyumba niliyoipata kwa kukuuza. Bong-chi alikuja kwangu mara moja, akitoka Kaohsiung, akauliza kigoda kina mtu. Miaka yote hiyo ni yeye aliyekuja. Mimi sijawahi kwenda popote.

"Basi usije," nikamwambia. "Nenda kwa mabinti. Unataka mimi ndiye nije huko, nikifa?"

Vikaanguka. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

"Mama," Kok-hui akasema.

Nikaokota, nikaachia. Chali, kifudifudi.

"Mama, acha."

Ya tatu kimoja cha vile vipande kiligonga mguu wa meza kikazunguka, kikazunguka, sote tunakitazama, kikalala chali. Kingine kifudifudi.

Kok-hui akatoka. Nilisikia pikipiki yake ikiwaka. Samaki walikuwa bado hawajalishwa, ndivyo alivyosema baadaye, lakini nilikuwa nimemwona akiwalisha asubuhi.

Tulimpeleka Bong-chi sisi wanne, kwa miguu, kwenye tuta kati ya mabwawa. Bun-chong alibeba chetezo mikononi, akakifunika kwa mwavuli upepo usipeperushe majivu. Njiani aliniambia kwa sauti ndogo, "Baba alisema vidole vilivunjika alipoanguka mashuani." Nikamwambia najua. Mlango mwekundu, rafu ya juu. Mtunza hekalu, mama mwenye heshima zake, alikuwa ameshaandaa kitana, kioo, na kopo la poda ya waridi. Alipogeuka nilitia poda mfukoni.

Sasa mjue ni kitu gani nilichomwomba mwanangu. Mama asiyewekwa kwenye meza ya ukoo ni aibu ya mtoto, si ya mama. Watu watasema Kok-hui kamtupa mama yake. Sikukuu itafika, atamchomea baba yake udi, na mahali pangu kando ya baba yake patakuwa wazi, na wageni wataona. Nami siwezi kujibeba. Maiti hubebwa anakopelekwa. Nikifa, yeye ndiye atakayeshika chetezo, na mkono wake ukielekea sebuleni hakuna wa kumzuia. Ndiyo zote tatu za Bong-chi ziko mkononi mwa Kok-hui.

Hakuongea nami wiki tatu. Alikula, aliosha bakuli lake, akaniwekea dawa zangu za presha kwenye kisahani kama kawaida, kidonge kimoja cheupe, kimoja cha njano. Neno hakuna. Aliwasha udi wa baba yake asubuhi na kukaa mbele ya ile meza muda mrefu kuliko desturi, mgongo kwangu.

Bandani watu walijua kabla sijafika, Kiau ni Kiau. Wengine walinisalimia kwa upole wa hospitali. Mmoja alihamisha kigoda chake kidogo, kama naambukiza. Kiau mwenyewe alikuja na beseni lake akasimama mbele ya kigoda kitupu.

"Nikae?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Kina mtu."

Akaguna, akarudi kwake. Tangu hapo hakuna aliyeuliza. Nimeanza kujifunza kushika kisu kwa kushoto, sijui kwa nini. Nimejikata mara nne. Nikipata kaa mwekundu namweka kwenye ukingo wa beseni, upande wa mbele, na jioni nampeleka nyuma ya mabwawa pamoja na sigara moja.

Jana usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha, kwa hiyo leo mashua hazikutoka. Nilipika uji wa viazi vitamu na samaki wa bwawani, tumbo lake, ile sehemu ya mafuta anayoipenda. Kok-hui akakaa. Tukala. Nilisikia anavyotoa miiba, anaipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, kama alivyofanya tangu akiwa na miaka minne.

"Baba alijua?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Alijua kuna kitu. Hakuuliza."

"Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa mtu mzuri. Naye nilimkosea."

Akatoa mwiba mwingine. Nje matone yalikuwa yanadondoka kwenye paa la bati la banda la baiskeli.

"Atabaki peke yake pale juu ya meza," akasema.

"Ana mama yake, ana baba yake, ana babu zake saba. Na ana wewe. Yule hana mtu."

Aliongeza uji. Nilidhani yameishia hapo, wiki nyingine tatu zimeanza, nikasimama kuchukua sahani.

"Huko kwa mabinti," mwanangu akasema, akitazama uji wake, "wote wanawekewa ile poda?"

Nilikaa tena.

"Wote," nikasema. "Mimi uniwekee. Yeye usimwekee."

Akatikisa kichwa kidogo, wala siwezi kusema ni ndiyo, akaendelea kula, kichwa chini, mpaka bakuli likaisha.